Uzi Uliokanyagwa Kizingitini

Kambini, 14 Januari 1988

Dada yangu,

Salamu hizi zikukute umeketi kwenye cherehani, maana sijawahi kukuwaza ukiwa mahali pengine. Mimi mzima, nimechoka tu, na uchovu si ugonjwa. Shemeji yeye hajawahi kuchoka kwa sababu hajawahi kuharakisha; mwambie namtania. Wapwa zangu hawajambo? Yule wa mwisho ameota meno? Mama mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na za wengine.

Umeniuliza nafanya kazi gani hasa, kwa kuwa jirani ameeneza kwamba nachimba makaburi. Sichimbi. Nitakueleza nilivyoelewa mimi, na unajua niliishia darasa la sita, kwa hiyo usitegemee makubwa.

Kuna nyuzi zinazotengenezwa kwa kioo. Ni kioo hikihiki cha dirishani, ila kimevutwa mpaka kimekuwa chembamba kama unywele, na kinapinda bila kuvunjika. Ukimulika upande mmoja, mwanga unapita ndani yake kama maji kwenye bomba, unatokea upande wa pili. Wakubwa wanataka kuzitumia kwenye mitambo yenye mionzi mikali, mahali ambapo mtu hawezi kusogea, ili uzi ulete habari badala yake. Shida ni kwamba mionzi inakitia kioo giza kutoka ndani, polepole, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Kazi yetu ni kujua uzi upi unavumilia na upi unapofuka.

Basi kuna chumba. Kuta zake ni za zege, nene kuliko kitanda changu kilivyo kirefu. Katikati kuna kisima, na chini ya maji kuna vyuma vinavyotoa hiyo mionzi. Sisi tunaviita Mkubwa. Mkubwa akiwa ndani ya maji, amelala. Unaweza kuingia, ukachungulia ukaona maji yanang'aa buluu bila taa yoyote. Akivutwa juu kwa mnyororo, ameamka. Akiwa macho hakuna kiumbe anayeingia akatoka. Hata nzi tunawaokota sakafuni. Na hakuna mlio, hakuna joto, hakuna harufu. Mtu angekufa huku akidhani anafanya kazi vizuri.

Mimi ndiye ninayeingia Mkubwa akilala. Natoa nyuzi zilizokwisha kupikwa, naweka mbichi. Zimezungushwa kwenye bobini kubwa kama sahani. Bobini ya cherehani yako ingekuwa kitukuu chake. Mwenzangu, tunamwita Miwani, anakaa chumba cha juu kwenye mashine, na yeye ndiye anayeshika swichi ya kumwamsha Mkubwa.

Ilikuwepo kengele ya kumjulisha Miwani kwamba kuna mtu ndani, lakini ilikufa siku nyingi na kipuri hakijaja. Kwa hiyo tumejitungia njia. Mwanga wa majaribio unapita kwenye uzi mmoja nilioulaza mwenyewe sakafuni, kutoka mlango wa nje, korido nzima, mpaka ndani ya chumba. Ukiukanyaga, mwanga unavuja pale ulipokanyaga, na kwenye mashine ya Miwani mstari unaouchora mwanga huo unaingia bonde. Anaona mpaka ni sehemu gani ya korido. Nikiingia, nakanyaga uzi kwenye kizingiti cha chumba mara moja. Nikitoka, mara mbili. Akiona mabonde mawili, anajua nimetoka, anamwamsha Mkubwa. Fundi Mkuu hajui jambo hili, au anajua na anatazama pembeni.

Usimweleze Mama haya yote. Mwambie nafanya kazi ya taa. Mkataba wangu unaisha Desemba, na kabla ya hapo hakuna ruhusa, hata ya msiba. Anayetoka langoni ametoka moja kwa moja.

Mdogo wako,
Kijiti


Nyumbani, 20 Februari 1988

Kijiti mdogo wangu,

Barua yako imefika imelowa pembe moja, sijui ilipitishwa mtoni. Sisi wazima. Shemeji yako anasema hachoki kwa sababu ameoa mtu wa kumchokea. Wa mwisho ameota meno mawili na amenionyesha begani yanavyofanya kazi. Jirani nimemwambia huchimbi makaburi, amesikitika kabisa.

Mama hakudanganyika na hiyo kazi ya taa. Nilikuwa nasoma kimoyomoyo, akaniambia, "Soma kwa sauti, mbona umekunja uso kama umemeza pini?" Nikasoma yote.

Kuna jambo sikukuandikia mwaka jana. Mama aliteleza uani akaanguka. Usianze kupiga kelele, amepona. Ila mguu wa kushoto anauburuta, na anatembea na mpini wa ufagio, kwa sababu fimbo ya dukani ameikataa. Anasema ni ya wazee. Siku hizi nyumba nzima tunamjua kwa hatua: mguu mzito, mguu mwepesi, halafu mpini, ti. Watoto wakisikia hiyo "ti" wanaficha walichodokoa.

Kilichomshika katika barua yako si kisima wala huyo Mkubwa wenu. Ni zile hatua za kizingitini. "Mara moja kuingia, mara mbili kutoka?" Nikamwambia ndiyo, Mama. Tangu hapo kila jioni anagonga sakafu na mpini mara mbili na kuuliza, "Ametoka?" Nami lazima nijibu, "Ametoka, Mama." Nikichelewa, anagonga tena. Juzi shemeji yako alijitia mchekeshaji akajibu, "Bado yumo." Mama alisukuma sahani. Hakula mpaka nilipomburuta bwana huyo aje aombe radhi na kusema kwa kinywa chake kwamba umetoka.

Anakuambia hivi, naandika kama alivyosema: "Kuingia ni kazi ya miguu, kutoka ni kazi ya akili." Halafu akasema jingine, na hilo aliniangalia mimi, siyo karatasi: "Anayefanya kazi karibu na moto asipelekewe machozi."

Jifunike vizuri. Nimekushonea fulana, itakuja na mzigo ujao.

Dada yako


Kambini, 17 Aprili 1988

Dada,

Salamu kwenu nyote, na fulana imefika. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake; nadhani ulikuwa unagombana na shemeji ulipofika begani. Naivaa hivyohivyo. Kikohozi kilichonishika mwezi uliopita kimekwisha. Bibi mpishi wa kambi ametuongezea chumvi kwa hasira, hatujui tumemkosea nini.

Nataka kukueleza kitu, na ukikisoma usicheke.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita tulikuwa tunakula mchana chumba cha juu. Mkubwa alikuwa macho chumbani kwake, korido imefungwa kama kawaida, ufunguo Fundi Mkuu anao shingoni. Miwani akaacha kutafuna.

"Nani yuko korido?"

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Sote tuko hapa."

"Basi huyo asiye mtu anakanyaga uzi wangu."

Nikaenda kuangalia mashine. Mstari ulikuwa na bonde karibu na mlango wa nje. Likapotea, likaja jingine mbele yake kidogo. Halafu pakawa shwari.

Fundi Mkuu akasema panya. Miwani akamuuliza, "Panya aliyevaa viatu?" Tukatega mtego, panya hakuja. Fundi Mkuu si mtu mbaya, alikaa akafikiri, akasema zege linatanuka kwa joto na kuubana uzi. Ikawa hivyo. Lakini zege halitembei, dada. Wiki iliyofuata mabonde yalifika kwenye stoo ya bobini. Baadaye yakaipita stoo. Kila yanapokuja yanatoka mlango wa nje, na kila safari yanasogea mbele zaidi kuelekea kwa Mkubwa. Miwani amempa jina, anamwita Mgeni. "Mgeni leo amechelewa." "Mgeni anatembea kama ana madeni."

Juzi nikachoka na utani. Mkubwa alipolala nikaomba ufunguo, nikashuka, nikasimama katikati ya korido. Taa zote zinawaka, mchana kweupe. Kuna kipaza sauti ukutani, Miwani akawa ananisomea mstari.

"Ameingia... Yuko stoo... Anakuja, Kijiti. Anakuja upande wako."

"Sioni kitu!"

"Yuko mbele yako."

"Nakuambia hakuna kitu!"

"Yuko miguuni pako."

Nikatazama chini. Nikauona uzi, nikaona viatu vyangu, na vumbi. Hata upepo haukuwepo. Nilikuwa nasikia Miwani anavyopumua kwenye kipaza sauti.

"Amekupita," akasema. Kisha, baada ya muda: "Amesimama. Yuko nyuma yako, karibu sana. Hasogei."

Nilimwambia Miwani kwamba niligeuka na sikuona mtu. Nilidanganya. Sikugeuka.

Hatua zake ni za namna moja kila siku. Bonde kubwa, bonde dogo, halafu nukta pembeni, nyembamba, kama umedonoa uzi kwa kitu chenye ncha.

Kuna neno sitaki kuliandika. Niambie tu Mama hajambo, na kama bado anatembea na ule mpini.

Kijiti


Nyumbani, 3 Juni 1988

Kijiti,

Nimechelewa kukujibu, nivumilie. Zilikuwa sare za shule, kila mzazi anataka yake kesho, na sindano ya cherehani ilivunjika mara mbili. Paa lilivuja upande wa kabati, tukahamisha kabati, likavuja tulikolihamishia. Shemeji yako amejengea watu ukuta umeinama kidogo. Anasema ukuta hauko sawa kwa sababu ardhi haiko sawa. Binti yangu mkubwa amefaulu hesabu, hakuchukua kwa baba yake. Wa mwisho ameanza kusimama, akiachia meza anakaa, halafu anatutazama kama sisi ndio tuliomwangusha. Jirani amepata mlango mpya wa bati, anaufungua na kuufunga siku nzima ili tusikie. Bei ya uzi imepanda, siyo uzi wako, wangu.

Mama anakusalimu.

Hayo ya huyo Mgeni usiniandikie tena. Niliisoma barua jikoni nikaisahau sufuria motoni mpaka ikaungua. Sikiliza anachosema Fundi Mkuu, yeye amesoma. Na ukienda kwenye chumba kile usiende na mawazo. Tazama kizingiti. Ukitoka kanyaga kwa nguvu, huyo Miwani aone.

Huku kila jioni bado tunagonga mara mbili.

Dada yako


Kambini, 28 Juni 1988

Dada,

Salamu. Mimi mzima, wa huku wote wazima, bibi mpishi amesamehe.

Umeniandikia kurasa mbili. Mlango wa bati wa jirani umepata mistari miwili, Mama amepata mmoja. Nakujua unavyoshona, dada. Nguo ikichanika mahali pasipofichika, unaweka ua kubwa juu yake, na mteja anasifia ua. Safari hii usinishonee ua.

Mgeni amefika kwenye kona, hatua chache kabla ya chumba cha Mkubwa. Hatembei tena mchana. Anakuja jioni, tunapokaribia kufunga kazi. Anafika pale konani anasimama, halafu zinaonekana nukta mbili. Nukta peke yake, bila miguu. Mbili, kimya, kisha mbili tena. Mwanzoni Miwani alitania, akasema, "Sasa anabisha hodi." Siku hizi hatanii. Zikitokea hizo nukta anavua miwani yake anaifuta, ingawa haina uchafu, na anangoja ziishe.

Fundi Mkuu naye ameziona. Ameupima uzi wote, amekibadilisha kipande chote cha konani, akaweka kipya. Nukta zimerudi kwenye kipande kipya. Ameacha kutueleza habari za zege.

Nitakuuliza mara moja. Mama yuko hai?

Usiniandikie salamu zake kama si zake.

Kijiti


Nyumbani, 9 Agosti 1988

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Leo sichani.

Mama alituacha mwanzoni mwa Machi. Alikuwa ameshikwa na kifua, siku chache tu, hata hakulalamika. Alinishika mkono akaniambia, "Huyo wa kwenye moto usimwambie mpaka atoke. Akilia hataona njia." Nikamwambia nimekubali. Ulishaandika kwamba hakuna ruhusa hata ya msiba, nikaona bora ulie Desemba ukiwa hapa, nikushike, kuliko ulie peke yako kando ya kile kisima. Ndiyo maana nilikutumia salamu zake. Nilizitunga mwenyewe, nimekaa kwenye kitanda chake ili zitoke sawasawa.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichelewe kuandika, maana si sare za shule.

Jioni ile ya mwisho aligonga sakafu na mpini kama kawaida, mara mbili. "Ametoka?" Mimi nilikuwa uani nakamua nguo. Nikasema moyoni, nimalize hii shuka kwanza. Akagonga tena. Nikaitika kutoka uani, "Ametoka, Mama!" Nilipoingia, mpini ulikuwa sakafuni na yeye hakuwepo tena. Sijui kama alinisikia. Hilo ndilo nalishona na kulifumua tangu Machi. Sijui kama aliondoka na jibu au bila jibu.

Kisha ikaja barua yako, bonde kubwa, bonde dogo, na nukta. Nilizijua hatua zile kabla sijafika mwisho wa mstari, Kijiti. Nimezisikia mwaka mzima zikipita mlangoni kwangu. Hakuwa na haja ya kuja kukutisha, wala hakukutisha alipokuwa hai. Mimi nilichelewa kumjibu, basi amekwenda kujionea mwenyewe.

Shemeji yako ananiambia nimechanganyikiwa. Lakini jioni ikifika, ni yeye anayeokota ule mpini na kugonga, na ananitazama mpaka nijibu.

Nimevunja ahadi ya marehemu, na ninaogopa. Nakuomba kitu kimoja, kama kweli mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Siku utakayoisoma barua hii, usiingie chumba kile. Soma, lala, lia umalize. Uingie kesho yake.

Dada yako


Kambini, 2 Septemba 1988

Dada yangu,

Pole. Pole sana, umebeba peke yako mzigo wa watu wawili. Sikulaumu. Mkumbatie shemeji, na safari hii sitanii. Wapwa zangu waambie mjomba wao anawapenda.

Barua yako niliipata asubuhi langoni, nikaisoma nimesimama, na niliingia chumbani siku ileile. Nisamehe. Bobini zilikuwa zinangojwa, na nilifikiri nikikaa bweni nitapasuka. Nikasema mikono ikiwa na kazi, kichwa kitatulia.

Niliingia na vifaa vyangu, nikakanyaga kizingitini mara moja, kama desturi. Nikaanza kufungua zile za zamani. Halafu nikakumbuka kwamba mpya nimeziacha stoo. Nikatoka kuzifuata. Sikukanyaga, dada. Nilikiruka kizingiti kama mtu anayetembea usingizini. Kwa Miwani, bado nilikuwa ndani.

Kwa kawaida bobini nazibeba mikononi. Siku ile mikono haikuwa na nguvu, nikazipakia kwenye toroli. Toroli lina magurudumu ya mbele na ya nyuma. Unaona? Nilipoingia nalo, ya mbele yalipanda juu ya uzi kizingitini, yakashuka. Ya nyuma yakapanda, yakashuka. Mabonde mawili. Miwani kule juu akaona: ametoka. Naye hakukosea, ndivyo tulivyokubaliana. Akabonyeza swichi.

Nilikuwa nimeinama kando ya kisima, machozi yananidondoka majini. Nikasikia mnyororo unalia juu yangu. Nikatazama kwenye maji nikaona ile buluu inapanda. Sijui nikuelezeje. Ni kama mtu anapanda ngazi na taa mkononi, hana haraka, anakujia. Ningekimbia. Nilijiambia kimbia. Miguu haikusikia. Nilisimama tu natazama inavyokuja, na nilichowaza ni kwamba Mama alisema kweli, akilia hataona njia.

Mlio wa mnyororo ukakatika. Buluu ikasimama, bado imefunikwa na maji ya kutosha. Kisha ikaanza kushuka.

Nikasikia Miwani anakuja korido anakimbia na kutukana. "Nani amesimama kwenye uzi? Wewe Kijiti, toka hapo mlangoni, umenikatia mwanga!" Akafika kizingitini. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akaniona mimi kule ndani, kando ya kisima. Akakaa chini palepale, mzima mzima, kama gunia.

Alinieleza baadaye. Baada ya mabonde mawili ya toroli, mnyororo ukiwa umeshaanza kuvuta, mstari ulikatika. Haukuingia bonde, ulikatika, kama umekatwa na mkasi wako, palepale kizingitini. Ili mwanga ufe namna hiyo, mtu hapiti tu, anasimama juu ya uzi kwa uzito wake wote na kubaki. Na bila mwanga kwenye uzi, Mkubwa hapandishwi. Jaribio lisilo na mwanga ni kazi bure. Kwa hiyo Miwani alimshusha kwa hasira, akaja kumfukuza aliyesimama.

Daktari wa kambi amenipima. Beji ya kupimia mionzi niliyovaa kifuani imeonyesha kidogo, anasema nitaishi na kuwasumbua watu. Fundi Mkuu hakupiga kelele. Alisikiliza yote, akaenda mwenyewe mjini, akarudi na kipuri cha kengele, akaifunga kwa mikono yake. Kisha akaniita akaniambia niandike naacha kazi, yeye atasaini, wala nisisubiri Desemba. Akaniuliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamwambia alikuwa mtu asiyependa kusubiri jibu. Akatikisa kichwa kama nimemweleza jambo la kisayansi.

Sasa sikia la mwisho. Tangu siku ile Mgeni hatembei. Uzi wa kizingitini umepona, mwanga unapita vizuri. Lakini karibu na mlango wa nje kuna alama tatu zimetulia, kubwa, ndogo, na nukta. Hazisogei mchana wala jioni. Fundi Mkuu anasema kioo kimechoka pale. Miwani anasema huyo anamngoja mtu.

Mimi nimefikiri, nikakumbuka kitu. Siku ile, Miwani alinitoa amenishika mkono, na nilikiruka kizingiti bila kukikanyaga. Toroli lilikanyaga, mimi sikukanyaga. Kwa hesabu yetu, na kwa hesabu ya Mama, bado nimo ndani.

Kwa hiyo kesho, kabla sijachukua mzigo wangu, nitakwenda mpaka kwenye chumba cha Mkubwa. Nitasimama kizingitini, nikanyage mara mbili, kwa nguvu. Halafu nitaifuata korido yote mpaka mlango wa nje na kuja nyumbani. Nawe jioni wakigonga, jibu kwa sauti, jibu upesi, hata kama mikono ina nguo.

Nimemwomba Miwani akae kwenye mashine anitazame nikipita. Ila nimemwambia asiniambie kama nimetoka peke yangu.

Mdogo wako,
Kijiti